Kuachana bila kuvuana nguo: habari ya meza za suluhu Mwanza



Najua wengi wenu mmezoea kuja hapa kutafuta habari za singo, hina na nguo za siku ya kutolewa nje. Hizo zipo, na wiki ijayo tutarudi huko inshaallah. Leo nina habari ya upande wa pili wa ndoa, ule ambao somo hamfundishi mwari wake na mama hautaji usiku wa harusi kwa kuogopa nuksi. Nataka tuzungumze namna watu wanavyoachana, na hasa nani anakaa mezani siku hiyo. Na nitawatoa kisiwani kabisa, niwapeleke mpaka Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Mwanza ni kwa sababu ya shangazi yangu. Aliolewa huko akiwa mwali mdogo, akavuka bahari kwenda Dar es Salaam, kisha akapanda treni, siku na usiku, kupitia Tabora mpaka ziwani. Mumewe alikuwa na duka. Yeye mwenyewe alinunua dagaa kwa wavuvi, akawaanika, akawauza kwa magunia, na fedha ile ikaingia kwenye nyumba yao iliyojengwa mlimani katikati ya yale mawe makubwa ya Mwanza. Mwaka 1979 aliachwa. Kikao hakikufika nusu saa: wanaume watano, mkeka mmoja, yeye nyuma ya pazia. Alisomewa talaka yake, akaambiwa habari ya eda, wakaomba dua, wakanywa chai. Nyumba haikutajwa. Si kwamba walibishana kuhusu nyumba wakamnyima. Haikutajwa tu, na hakuna hata mmoja pale ambaye ilikuwa kazi yake kuitaja. Alirudi Unguja na sanduku, sufuria tatu na karatasi moja. Nilikuwa sijaanza skuli, lakini zile sufuria nazikumbuka.

Sasa, kuna utaratibu wa kisasa ambao Wamarekani wanauita talaka ya ushirikiano. Ulianzia mji wa Minneapolis mwaka 1990. Wakili mmoja wa kesi za ndoa, Stu Webb, alichoka kuona watu waliolala kitanda kimoja miaka ishirini wakigeuzwa maadui mahakamani. Akatangaza kwamba tangu hapo hatakwenda tena mahakamani na kesi ya talaka. Atakayemtaka aje wakae mezani, yeye na mteja wake upande huu, wakili mwenzake na mteja wake upande ule, na wote wanne watie saini kwamba wataafikiana hapo hapo. Sharti lake kubwa ni hili: maafikiano yakishindikana, mawakili wote wawili wanajitoa, na wateja watafute wengine wa kwenda nao kwa hakimu. Kwa hiyo wakili naye anaumia meza ikivunjika. Hana sababu ya kuchochea moto ili alipwe kwa kuuzima.

Lakini Webb hakuweza kuifanya kazi hiyo peke yake, na hapo ndipo penye somo la leo. Wakili mmoja mwenye nia njema hana faida kama aliye upande wa pili hajui utaratibu au haaminiki. Ikabidi wawe kikundi, wajuane, wafundishane, wakutane mara kwa mara. Baadaye wakaingia wataalamu wa hesabu, ili mali zihesabiwe kwa uwazi, na washauri wa saikolojia, ili mtu asitie saini akiwa na hasira au na kilio. Vikundi vya namna hiyo vikaenea miji mingi ya Marekani na nchi nyingine. Kila mahali vilikua polepole, kwa watu wa mji mmoja kuzoeana kwanza.

Niliposoma habari hizi nilicheka kidogo. Dada zangu, fungueni Suratun Nisaa, aya ya 35. Mwenyezi Mungu anaelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, atumwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Mmoja kila upande! Shangazi yangu alikuwa na wanaume watano mbele yake na hata mmoja hakuwa wa upande wake. Kaka zake walikuwa Unguja, na barua ilichukua wiki.

Watu wa ziwani wenyewe walikuwa na meza zao kabla ya sisi wa pwani kufika. Kwa Wasukuma, ndoa ilikuwa jambo la koo mbili na ng'ombe wa mahari, na ndoa ikivunjika wazee walikaa kuhesabu: ng'ombe warudi wangapi, watoto waende wapi. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi kwa serikali ya Waingereza, alizikusanya mila hizo katika kitabu cha mwaka 1953. Ukisoma mambo ya namna ile unaona hesabu ilivyokuwa ya makini, ila iliyehesabiwa ni mifugo na watoto. Jembe la mwanamke halikuwa na safu yake. Uislamu nao ulifika kusini mwa ziwa pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora, ukaja na nikaha, talaka na eda, na masheikh wa kuamua.

Wakati wa Waingereza, pwani na katika baadhi ya miji ya bara, walikuwapo maliwali na makadhi wenye nguvu ya serikali. Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilizifuta mahakama za aina hiyo Tanganyika na kuweka mfumo mmoja unaoanzia Mahakama ya Mwanzo. Sisi wa Zanzibar tulibaki na makadhi wetu mpaka leo. Bara hawakubaki nao. Mwaka 1968 ikaundwa BAKWATA, na ofisi zake mikoani, Mwanza ikiwamo, zikawa mahali Waislamu wanapopeleka khitilafu za ndoa. Mwaka 2012 Mufti aliteua Kadhi Mkuu wa bara, lakini uamuzi wa kadhi huyo unafuatwa kwa imani na ridhaa ya wenyewe. Hauna askari wa kuutekeleza.

Jambo kubwa kabisa katika habari hii ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sheria Namba 5. Ilitanguliwa na Waraka wa Serikali wa mwaka 1969 uliojadiliwa nchi nzima, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ukiupigania. Bungeni wanaume wengi hawakuupenda, na wengine walisema wazi kwamba wake zao watapanda kichwani. Sheria ikapita hata hivyo. Haitumiki Zanzibar, na kwa sababu hiyo wasichana wengi wa visiwani wanaoolewa bara hawaijui, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu siku ukiolewa Kirumba au Ilemela ndiyo itakayokuhusu.

Sheria ile inasema nini? Inasema hakuna mtu atakayepeleka mahakamani ombi la talaka kabla shauri halijapita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama vile mume aliyetoroka na hajulikani aliko. Kila kata iwe na baraza. Mwenyekiti mmoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Tena jamii fulani, kwa mfano ya dini, inaweza kuwa na baraza lake likatambuliwa na Waziri. Ndiyo maana mabaraza ya BAKWATA yana uzito, na makanisa yana ya kwao. Waismailia nao wamezoea hili zamani sana. Kanuni za kwanza za mabaraza yao Afrika Mashariki zilitolewa hapa hapa Zanzibar mwaka 1905, na tangu katiba yao ya mwaka 1986 wana bodi za usuluhishi zenye watu wa kujitolea wanaofundishwa kazi hiyo. Katika jamii zote nilizozisoma, hao ndio waliokaribia zaidi kile alichokifanya Webb.

Baraza likiwaita wanandoa, likawasikiliza, likashindwa kuwapatanisha, linatoa hati, ambayo wenyeji wa mahakama wanaiita Fomu Namba 3. Bila karatasi hiyo mlango wa mahakama haufunguki. Na mawakili? Hawaruhusiwi kuingia. Unaweza kusindikizwa na jamaa yako, basi. Angalieni tofauti ilivyo: Minneapolis waliwaapisha mawakili wasiende mahakamani, Tanzania iliwafungia nje ya baraza. Nia ilikuwa njema, watu wazungumze lugha ya nyumbani bila mtu wa kuwatisha kwa vifungu. Mimi nadhani pamepotea kitu hapo. Mwanamke anayekaa mbele ya baraza bila kujua kwamba ana haki ya nyumba hawezi kuidai, na hakuna aliyetumwa kumwambia.

Maana baraza lenyewe, hata likiwa zuri vipi, kazi yake ni kupatanisha na kutoa hati. Kugawa mali ni kazi ya mahakama, chini ya kifungu cha 114, pale inapotoa talaka au baada ya kuitoa. Kwa sisi Waislamu kuna kifungu cha 107 ambacho kila bibi harusi angekisoma kabla ya kwenda saluni. Kinasema kwamba waliooana Kiislamu, baraza likishatoa hati kwamba limeshindwa, kisha mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sharia linavunja ndoa, kwa mfano mume akatoa talaka, basi mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika na itatoa talaka. Yaani talaka ya sheikh na ya hakimu zinaweza kwenda pamoja, lakini kwa mpangilio: baraza, hati, talaka, mahakama. Wengi wanaishia kwenye talaka. Mwanamke ana karatasi ya kumwezesha kuolewa tena, hana karatasi ya kumwezesha kudai chumba alichokipaka rangi kwa mikono yake. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Sheria ilikuwa na umri wa miaka minane alipoachwa, na kwenye ule mkeka haikuwapo.

Hata angekwenda mahakamani mwaka ule, sijui kama angesikilizwa. Mahakimu wenyewe walikuwa wamegawanyika. Kifungu kinataja mchango wa fedha, mali au kazi, na wengine walisema kupika na kulea si kazi, ni wajibu wa mke. Ugomvi huo ulimalizwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Jina la Bi Hawa linatajwa mahakamani mpaka leo. Kisichotajwa sana ni kwamba yeye mwenyewe alitoka mikono mitupu: mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia akazitumia vibaya. Aliwafungulia wanawake wengine mlango, yeye akabaki nje. Kila nikiisoma kesi ile namwombea.

Mwanza nayo ina kesi yake. Mwezi Februari 1990, mwaka ule ule wa Stu Webb, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Muleba. Alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshitaki, kwa kuwa mila za Wahaya zilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo tangu mwaka 1984 ilikuwa na haki za binadamu ndani yake. Shamba lilibaki limeuzwa. Si kesi ya talaka, lakini iliwapa wanawake wa kanda ya ziwa neno ambalo hawakuwa nalo: kwamba mila ikidhulumu inaweza kushindwa, na ikashindwa Mwanza, si Dar es Salaam.

Miaka hiyo hiyo wanasheria wanawake walikuwa wakijikusanya. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kilizaliwa wakati huo. Kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, WLAC, kilianza kwa wanasheria wachache wa kujitolea Dar es Salaam, kisha kikaenda mikoani kufundisha wasaidizi wa kisheria: walimu, wauguzi, mama wa nyumbani, watu wasio na shahada lakini wanaojua kuandika barua ya malalamiko na kumpeleka mtu mlango unaostahili.

Mwaka 1999 kikundi cha wanawake wa Mwanza kikaanzisha Kivulini. Jina limetokana na kivuli cha mti, mahali watu wanapokaa kuzungumza wakipumzika na jua. Maimuna Kanyamala aliliongoza shirika hilo kwa miaka, na shabaha yao kubwa ilikuwa kupiga vita ukatili dhidi ya wanawake majumbani. Walitoa ushauri na msaada wa sheria, lakini hawakukaa ofisini wakisubiri aliyepigwa aje. Walikwenda mitaani, wakazungumza na viongozi wa mitaa, majirani, wanaume vijiweni, wakawafundisha watu wa mtaa wenyewe kuwa watetezi. Ukitazama vizuri ni njia ile ile ya kukuza kikundi: anza na wachache wanaoaminika, wajuane, wajue sheria moja, kisha watu wataanza kuwaita.

Hapa niseme jambo bila kuzunguka. Meza ya ushirikiano haifai kila ndoa. Mwanamke anayeogopa kunyanyua macho mbele ya mumewe hawezi kuafikiana naye. Atakubali chochote ili arudi salama. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Penye kipigo njia ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha mahakama. Wanaokuza utaratibu huu huko Marekani nao wanafundishwa kuuliza habari za vitisho kabla ya kukubali kuwaweka watu meza moja. Wazee wetu wa baraza mara nyingi hawaulizi, wanasema nendeni mkasameheane.

Siku hizi milango imeongezeka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ingawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mwaka huo huo Zanzibar tulipata Sheria mpya ya Mahakama za Kadhi, Namba 9, ambayo imewapa makadhi nafasi ya kuamua pia mgawanyo wa mali ya wanandoa kwa kuangalia mchango. Kenya walianza mwaka 2016 kupeleka mashauri ya familia ya Nairobi kwa wasuluhishi wanaosimamiwa na mahakama. Bara, mwaka 2021, Serikali ilitoa kanuni za kuwapa ithibati watoa huduma za maridhiano, majadiliano na usuluhishi, na Mahakama ikafungua Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki katika miji kadhaa, kimoja Mwanza. Kile cha Temeke, Dar es Salaam, kimetengwa kwa mirathi na mambo ya familia, na ndani yake wadau mbalimbali wako chini ya paa moja ili mama asizunguke mji mzima na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo Mwanza ina kila kiungo cha pilau isipokuwa sufuria ya kupikia. Wako mawakili. Iko shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Nyegezi. Wako maofisa ustawi wa jamii, ambao ndio wanaojua habari za watoto, na sheria inadhani mtoto chini ya miaka saba akae na mama yake mpaka ithibitike vinginevyo. Wako masheikh wa BAKWATA, wasaidizi wa kisheria wa kata, na wanawake waliopita Kivulini. Wanakutana mmoja mmoja, wakati tayari mambo yameharibika. Kingekuwapo kikundi ambamo sheikh anamjua wakili kwa jina, ambamo anayeandika hati ya baraza anajua kuiandika isikataliwe mahakamani (zinakataliwa, dada zangu, na watu wanarudishwa mwanzo baada ya miaka), ambamo mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu mali tu! Na mali ya ziwani inataka mwenye kuijua. Mtumbwi umeandikwa jina la nani? Mashine ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha nani? Nyavu zilizoko kambini kisiwani ni za mume au za kaka yake? Hakimu wa mjini hawezi kuyajua hayo kwa kutazama jalada. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni anayajua kwa kutazama tu.

Kabla ya hapo, bibi harusi unayekwenda bara, weka haya kwenye sanduku lako pamoja na doti za kanga: cheti cha ndoa chenyewe, si picha ya simu, risiti za ulivyonunua, hata vya jikoni, nakala ya hati ya kiwanja kama jina lako limo, na kama halimo, uliza kwa nini mapema, mkiwa bado mnacheka. Na mtaje ndugu mmoja wa upande wako anayekaa karibu, ambaye ataitwa likitokea la kutokea.

Shangazi hakuolewa tena. Aliuza vitumbua Darajani miaka mingi, akawasomesha wanawe wawili waliomfuata baadaye. Uzeeni majirani walikuwa wakimwita kila ndoa ya mtaani ilipotikisika. Alikuwa akikaa upande wa mwanamke, hajifichi nyuma ya pazia, na baada ya salamu alikuwa na swali lake moja la kwanza, akiliuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Na nyumba mnaionaje?"